Maktaba Huria za Miundo ya Data: Ipi kwa Kazi Gani?

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi wa kompyuta na makatibu wa vyama vya maji, Mboghoni, Taveta

Wenyeji wa Mboghoni wanastahili shukrani kwa kuikaribisha mada ambayo watu wamezoea kuisikia kwenye kumbi za Nairobi. Hapa ndipo mahali pake. Wadi inayoishi kwa ndizi na kwa maji ya mto Lumi inajua kuliko wengi uchungu wa orodha iliyobadilishwa pasipo mtu kujua nani aliibadilisha.

Kusudi la mhadhara huu ni kulinganisha maktaba za programu huria zinazowapa waandishi wa programu miundo ya data isiyofuta yaliyopita, ile inayotumika katika uandishi wa programu wa kifunksheni, na kuonyesha kila moja inafaa kazi gani. Msimamo wake nao usemwe mapema. Rekodi zinazogusa haki ya mtu, kama zamu ya maji, faili ya mgonjwa au malipo ya mkulima, zinastahili kujengwa juu ya miundo ya aina hii. Na maktaba ichaguliwe kwa kuangalia kazi yenyewe. Jedwali la kasi lililopimwa na mtu mwingine kwa data yake mwenyewe halitoshi.

Chukulieni mfano mmoja, nao utatumika hadi mwisho. Ipo programu ya simu inayotunza zamu za maji za wakulima 5,000. Katibu anamhamisha mkulima mmoja kutoka Jumanne usiku kwenda Alhamisi asubuhi. Katika programu nyingi zamu mpya huandikwa juu ya ile ya zamani, na ya zamani ikapotea. Mwenye shamba akija kulalamika, hakuna cha kumwonyesha. Katika mtindo wa kifunksheni, orodha ya jana haiguswi kamwe. Badiliko huzaa orodha mpya, na zote mbili zinaendelea kusomeka.

Swali linalofuata ni la haki: je, kila badiliko litanakili majina 5,000? Simu ya bei nafuu itayabeba wapi?

Hoja ya kwanza: kutunza matoleo ya zamani si ghali

Maktaba nyingi za leo haziweki orodha kama safu moja ndefu. Huigawa katika vipande vya nafasi 32, na juu ya vipande hivyo huweka vingine vya nafasi 32 vinavyoelekeza chini, mpaka shina lipatikane. Ngazi mbili hubeba vitu 1,024, ngazi tatu 32,768, ngazi nne zaidi ya milioni moja. Wakulima 5,000 wanaenea katika ngazi tatu.

Mfuateni mkulima mwenye namba 4,321. Kompyuta inaivunja namba hiyo kwa makundi ya 32: ni 4 mara 1,024, jumlisha 7 mara 32, jumlisha 1. Basi njia ya kumfikia ni nafasi ya 4 kwenye shina, nafasi ya 7 kwenye kipande cha katikati, na nafasi ya 1 kwenye kipande cha chini, kuhesabu kukianzia sifuri. Zamu yake ikibadilika, vinanakiliwa vipande vitatu hivyo tu, nafasi zisizozidi 96. Vipande vingine vyote hutumiwa na toleo la zamani na toleo jipya kwa pamoja, bila hatari yoyote, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuvibadilisha. Anayelielewa hili ameelewa nusu ya mhadhara.

Fikra hii ina wenyewe. Mwaka 1986 Driscoll, Sarnak, Sleator na Tarjan walieleza jinsi ya kuufanya muundo wa data ukumbuke matoleo yake. Chris Okasaki aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1996, ikawa kitabu mwaka 1998, na hadi leo ndicho kitabu cha kwanza cha kumpa mwanafunzi wa jambo hili. Phil Bagwell, aliyefanya kazi Uswisi, alichapisha mwaka 2001 mti wa heshi (namba inayokokotolewa kutokana na ufunguo, kama jina) wenye matawi 32 usiopoteza nafasi tupu: kila kipande kinabeba namba moja ya biti 32, na biti ikiwa 1, tawi lipo. Rich Hickey alipoitoa lugha ya Clojure mwaka 2007, aliuchukua mti wa Bagwell akaufanya usifute ya zamani. Tangu hapo umeingia katika lugha nyingi.

Hoja ya pili: Afrika Mashariki imo ndani ya jambo hili tayari

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya Marekani na Uswisi. Atazame Eldoret. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, una kanuni moja nzuri sana. Kipimo cha mgonjwa kikisharekodiwa, hakisahihishwi pale pale. Mhudumu akirekebisha uzito ulioandikwa vibaya, mfumo hubatilisha kumbukumbu ya kwanza bila kuifuta, huandika mpya, na mpya hubeba kiungo cha kuonyesha imechukua nafasi ya ipi. OpenMRS imeandikwa kwa Java na hufanya kazi hiyo kwenye hifadhidata, haitumii miti ya Bagwell. Lakini mantiki ni ile ile, na imetumika kwenye zahanati zetu kwa miaka mingi.

Kampuni ya Ona, yenye ofisi Nairobi, imekwenda mbali zaidi. Msimbo wake wa kukusanya na kuonyesha data za utafiti una maktaba huria zilizoandikwa kwa Clojure na ClojureScript. Mojawapo inaitwa milia, na nyingine hatti. Kijana wa Taveta mwenye intaneti anaweza kuzifungua leo akasoma jinsi wahandisi walioko Kenya wanavyotumia kamusi (funguo na thamani zake) na vekta (orodha za nafasi zenye namba) zisizobadilika katika kazi ya kila siku.

Na kila aliyetuma ujumbe wa WhatsApp asubuhi hii ameshapita kwenye seva zilizoandikwa kwa Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson nchini Sweden miaka ya 1980 na kuachiwa huria mwaka 1998. Katika Erlang, thamani ikishaundwa haibadiliki. Facebook ilipotangaza kuinunua WhatsApp mwezi Februari 2014, huduma hiyo ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 450 kwa mwezi na wahandisi wapatao 32 tu.

Hoja ya tatu: kila maktaba ina kazi inayoijua

Hapa ndipo penye nyama, na walimu watavumilia ikiwa maelezo yatakuwa marefu.

Zamu ya maji kwanza kabisa ni foleni. Aliyemwagilia anatoka mbele na kurudi nyuma. Vekta ya Clojure, pamoja na sifa zake zote, haikuumbwa kwa hilo: kuongeza nyuma ni haraka mno, kwa sababu vitu vya mwisho hadi 32 huwekwa nje ya mti kama mkia, lakini kutoa mbele si kazi yake. Clojure ina muundo mwingine wa foleni, ambao wanaoanza wengi hawaujui kwa kuwa hauna alama yake ya kuandikia kama vekta na kamusi zilivyo nazo. Scala inao waziwazi katika maktaba yake ya kawaida, umejengwa kwa orodha mbili zinazotazamana, mbinu ambayo Okasaki aliichambua kwa kina. Haskell, katika maktaba yake iitwayo containers, inatoa Data.Sequence, iliyojengwa juu ya mti wa vidole ambao Hinze na Paterson waliueleza mwaka 2006. Huu huongeza na kutoa pande zote mbili kwa gharama ndogo, na vilevile unaweza kukatwa katikati na kuunganishwa upya. Mkulima akiomba kuhamishiwa nafasi ya 40, Data.Sequence haitoi jasho. Kwa foleni yenye mabadiliko ya katikati, hii ndiyo bora kati ya zote zinazotajwa hapa.

Kisha kuna maswali ya tarehe. Katibu anataka zamu zote kati ya tarehe 3 na tarehe 10. Kamusi ya heshi haiwezi kumsaidia ila kwa kupitia kila kitu, maana heshi huvuruga mpangilio kwa makusudi. Hapa unahitajika mti uliopangwa: Data.Map ya Haskell, Map ya OCaml, TreeMap ya Scala, au kamusi iliyopangwa ya Clojure. Miti hii ina matawi mawili kila mahali, kwa hiyo kwa wakulima 5,000 inashuka ngazi zisizopungua 13, wakati mti wa matawi 32 unahitaji tatu au nne. Tofauti hiyo inaonekana kwenye majedwali ya kasi, na ndiyo inayowafanya wengi waikimbilie heshi. Wanakosea pale kazi yao inapohitaji mpangilio. Tena mti uliopangwa una usalama wa ziada: mtu mwenye nia mbaya anaweza kutunga funguo zinazogongana katika heshi ili seva ilemewe, hila ambayo haifui dafu mbele ya Data.Map.

Rekodi ndogo nazo zina habari yake. Rekodi ya mkulima mmoja ina jina, namba ya shamba, mfereji, siku na saa. Kujenga mti wa heshi kwa vitu vitano ni kupoteza nafasi, na waandishi wa maktaba wanajua. Clojure hutumia safu ya kawaida kwa kamusi ndogo na kuhamia kwenye mti zinapozidi vitu vinane. Scala ina aina maalum za kamusi ya kitu kimoja, viwili, vitatu na vinne, ndipo mti uanze. Erlang hungoja mpaka funguo zipite 32. Ndiyo maana kipimo kilichofanywa kwa kamusi ya vitu milioni hakisemi chochote kuhusu programu yenye kamusi 5,000 za vitu vitano vitano.

Scala inastahili neno la ziada, kwa sababu imekubali kujibomoa na kujijenga. Toleo 2.13 la mwaka 2019 lilibadilisha kamusi yake ya heshi na kuweka muundo uliotokana na utafiti wa Steindorfer na Vinju wa mwaka 2015, ambao hutenganisha data na matawi ndani ya kila kipande ili kubana memori na kuharakisha kulinganisha. Mwaka uliofuata, toleo 2.13.2 lilileta vekta iliyoandikwa upya. Waliokuwa tayari kwenye 2.13 walipata vekta hiyo kwa kubadili namba ya toleo.

Sasa simu na vivinjari, maana huko ndiko vijana wengi wa hapa wataandikia programu. Katika JavaScript maktaba zinazoshindana ni mbili. Immutable.js, iliyotolewa na Facebook mwaka 2014 na kuandikwa na Lee Byron, ina miti ya kweli ya matawi 32, lakini inadai programu nzima izungumze lugha yake. Kila data inapotoka kwenda kwenye maktaba nyingine, lazima igeuzwe kuwa ya kawaida, na kugeuza orodha ya 5,000 ni kupita vyote 5,000. Immer ya Michel Weststrate ilishika njia nyingine. Mwandishi anaandika kana kwamba anabadilisha data ya kawaida, na Immer hunakili vile tu alivyogusa. Haina mti: akibadilisha mkulima mmoja katika safu ya 5,000, safu yote ya viashiria hunakiliwa, ingawa rekodi za wakulima wengine hubaki zile zile. Kwa simu ya leo, kunakili viashiria 5,000 mtu anapobonyeza kitufe ni jambo dogo. Kwa orodha kama ya Mboghoni, Immer inatosha na ni rahisi kufundisha. Ikifika laki kadhaa, na mabadiliko yakawa ya mfululizo, Immutable.js inarudi kuwa na haki yake.

Kwenye Android, Kotlin inayo maktaba ya kotlinx.collections.immutable, ya JetBrains, waundaji wa lugha hiyo wenyewe. Matoleo yake yalibaki chini ya namba 1.0 kwa miaka mingi, jambo linalowatia watu wasiwasi, lakini miti yake imejengwa vizuri na kamusi yake ya kawaida hutunza mpangilio wa kuingizwa, ambao katibu ataupenda. Vijana, andikeni hili: orodha ya kawaida ya Kotlin mnayoiona kama ya kusoma tu haina ahadi ya kutobadilika, kwa sababu nyuma yake panaweza kuwa na mtu mwingine anayeibadilisha. Na List.of ya Java haibadiliki kweli, lakini ukitaka toleo jipya lenye kitu kimoja zaidi, unanakili yote. Kwa Java, anayetaka kushirikisha vipande atafute Vavr au PCollections.

Kuna jambo moja linalozifanya maktaba hizi zisingiziwe kwamba hazina kasi. Mtu anasoma faili la wakulima 5,000, anaongeza mmoja mmoja, na kila mmoja anazaa toleo jipya ambalo hakuna atakayelisoma. Dawa ipo karibu kila mahali: Clojure ina miundo ya muda inayoruhusu kubadilisha ndani ya funksheni moja kisha kufungwa, Scala na Kotlin zina wajenzi, Immutable.js ina withMutations. Wanaolalamikia kasi wengi wao hawajaitumia dawa hii.

Hoja ya nne: soma leseni, na mtazame anayeitunza

Immutable.js inatoa somo mara mbili. Leseni yake ya awali, kama ya React, maktaba nyingine ya Facebook, ilikuwa na kifungu cha hataza ambacho Apache Software Foundation ilikikataa katika miradi yake mwezi Julai 2017. Septemba ya mwaka huo Facebook ilikubali, ikaziweka zote chini ya leseni ya MIT. Toleo lake la nne nalo lilikuwa limeanza kujaribiwa mwaka huo huo, likakaa hadi mwaka 2021 kabla ya kutangazwa rasmi, na katikati hapo mradi ulizorota mpaka watumiaji wakaanzisha tawi lao na baadaye kurudi kwenye mradi mama. Kwa upande wa lugha ya Rust, maktaba ya im ya Bodil Stokke, nzuri kwa msimbo wake, ilibaki bila mtunzaji wa karibu, na wengine wakaiendeleza kwa jina la imbl.

Kwa hiyo, maktaba inayokuja na lugha yenyewe, kama za Clojure, Scala, Erlang na OCaml, ina ulinzi ambao maktaba ya mtu mmoja haina. Chama cha maji hakitakuwa na fedha za kumlipa mtu ahamishe programu nzima kila baada ya miaka mitatu.

Hoja ya tano: pima hapa, na uhifadhi kwenye diski

Kipimo cha kompyuta yenye memori ya gigabaiti 64 hakimhusu mtu mwenye simu ya gigabaiti mbili. Data ichukuliwe ya hapa, simu iwe ya hapa, na kazi ziwe zile katibu anazozifanya kweli: kuhamisha zamu, kutafuta kwa tarehe, kulinganisha orodha ya jana na ya leo. Kulinganisha ndiko kunakofurahisha zaidi. Matoleo mawili yanayoshiriki vipande yanaweza kulinganishwa kwa kuruka kila kipande kilicho kile kile, na simu iliyokosa mtandao kutwa, au iliyodaka mtandao wa Tanzania kwa kuwa mpaka uko karibu, itatuma tofauti peke yake itakaporudi hewani.

Lakini tahadhari hii isisahaulike. Matoleo yaliyo ndani ya memori hufa simu inapozimwa, na yanayoshikiliwa yote bila mpango huijaza memori, kwa kuwa kikusanya taka, sehemu ya lugha inayofuta data isiyotumika tena, hakigusi kitu ambacho bado kimeshikwa. Maktaba hizi hurahisisha kutunza historia. Lakini ushahidi unapatikana pale kila toleo linapoandikwa kwenye hifadhidata pamoja na jina la aliyebadilisha na saa aliyobadilisha, kama OpenMRS inavyofanya.

Kwa anayeanza kesho, uamuzi wa mhadhara huu ni huu: programu ya simu ya Android iandikwe kwa Kotlin na maktaba ya JetBrains, ya kivinjari itumie Immer mpaka vipimo viikatae, na seva itakayotunza foleni na tarehe kwa miaka iandikwe kwa Scala au Clojure, au kwa Haskell ikiwa walimu wake wapo.

Kazi ya mbele ni ya walio ukumbini. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kina wanafunzi wanaotafuta miradi ya mwaka wa mwisho. Makatibu wa vyama vya maji wanaombwa kutoa nakala ya daftari moja la zamu lililoondolewa majina ya watu. Wanafunzi nao wajaribu daftari hilo katika maktaba tatu zilizotajwa, wachapishe vipimo na msimbo kwa Kiswahili chini ya leseni huria, ili wenzao wa Voi, na wa Moshi ng'ambo ya mpaka, waweze kuvirudia na kuvisahihisha.